Mlango wa Pili wa Tela la Mama

Tela lile limeegeshwa nyuma ya nyumba yetu hapa Tukuyu, na kila mvua inapolipiga bati la paa nairudia misimu ile. Kwa kuwa mvua ya Tukuyu haichoki, nami sichoki kukumbuka.

Wakati huo Mama alikuwa akiuza vitenge kwenye magulio. Leo Masoko, siku nyingine Kisondela, siku nyingine mjini. Alipanda bodaboda na robota la vitambaa limefungwa nyuma yake, barabara ikiwa mbaya anashuka na kutembea, na gulio likiwa mbali analala kwa watu anaofahamiana nao ili kuwahi nafasi nzuri alfajiri. Kisha goti likagoma. Daktari akamkataza kubeba mizigo. Baba, aliyekuwa na pikapu kuukuu ya kusombea ndizi, akaona jambo limekwisha.

"Fungua kaduka hapa mjini, ukae," alimwambia.

"Dukani unakaa kusubiri watu wakukumbuke," Mama akajibu. "Gulioni wameshakuja."

Walivutana hivyo kwa muda mrefu, mpaka wakakubaliana juu ya tela: kijumba kidogo chenye magurudumu, cha kuvutwa na pikapu, ambacho vitambaa vitakaa humo bila kulowa na Mama anaweza kulala humo usiku wa kuamkia gulio. Baba aliweka sharti. Likimfaa, ataendelea. Lisipomfaa, anabaki nyumbani na habari za magulio ziishe. Mama akasema sawa. Kazi ya kuchagua tela liweje nikapewa mimi.

Sijui kama walijua walimpa nani. Mimi ni mtu ambaye akipanga vikombe kabatini lazima vishikio vyote vielekee upande mmoja, na akishalala huamka kuhakikisha. Nilimaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani, na kila ninachokijua kuhusu kuchora na kupima nilijifundisha mwenyewe kwa simu, kwa kutazama video. Za matela nilizitazama mpaka nikawa nazikariri. Watu wa nchi za mbali wanavuta vijumba vyao hadi ukingoni mwa ziwa, wanafungua mlango, wanakunjua kivuli, wanakunywa kahawa na mbwa wao kakaa miguuni. Nilitamani Mama yangu awe na utulivu ule, ingawa hapendi mbwa.

Karakana tuliyoipata ilikuwa Mbeya. Walitengeneza tela la aina moja tu, tupu kabisa, halafu mteja anachagua nyongeza kabla hawajaziba bodi. "Tukishaziba," fundi alinionya, "kila unachotaka ni kukata." Neno hilo liliniondolea raha.

Nikaanza na breki. Tela tupu halikuwa nazo. Baba alisema za pikapu zinatosha, lakini mimi niliifikiria ile miteremko ya kwenda Masoko, tope limeshika, na kile kijumba kinaisukuma pikapu kwa nyuma na Mama yumo ndani ya gari. Nikachukua breki. Nikachukua miguu minne ya kukunjua pembeni, ili tela lisiyumbe mtu akipanda. Nikachukua sponji ya kujaza katikati ya bati na mbao, kwa sababu baridi yetu ya mwezi wa sita huingia mpaka kwenye mfupa, na kitambaa kikilala kwenye unyevu kinanuka kuvu, hakuna atakayekinunua hata kikiwa na maua ya namna gani. Nikachukua tundu la hewa la paani, lenye kifuniko. Sinki na tangi la maji nikaviacha, maana gulioni maji hayakosekani. Baba alitaka spika kubwa. Tulibishana, nikashinda.

Kitu nilichokionea fahari zaidi kilikuwa kivuli. Niliagiza turubai pana la kukunjua, na chini yake nikauweka mlango na dirisha la kuuzia, vyote ubavu mmoja, ili Mama na wateja wake wasidondokewe hata na tone. Ubavu wa pili niliufunga wote kwa mashelfu kutoka sakafuni hadi darini, kila shelfu upana wa kitenge kilichokunjwa, nikaacha kidirisha kidogo tu chenye wavu. Mchoro ule niliufuta na kuuchora upya mpaka karatasi ikatoboka.

"Dada," fundi aliniuliza nilipomrudia kwa mara nyingine kuhusu bawaba, "hili tela unanunua au unaolewa nalo?"

Safari ya kwanza ilikuwa gulio la Masoko. Breki zilishika vizuri kwenye mteremko, Baba akajifanya hakuona. Alituegesha mahali pazuri, akakunjua miguu ya tela, akaenda zake Kisondela kupakia ndizi. Mama akaingia ndani kupanga vitambaa. Mimi nikakunjua kivuli na kuweka kiti chini yake, kama kwenye video.

Nikamwona Babu anakuja.

Babu ni baba yake Baba, na nyumba yake haikuwa mbali na gulio. Alikuwa amesikia habari za tela, akaja na fimbo yake kuliona. Alidhani Mama amebaki Tukuyu na goti lake.

"Mke wangu!" aliniita kutoka mbali, maana ndivyo tulivyotaniana tangu nikiwa mtoto. "Kumbe umejenga na hukuniambia?"

"Ungeniletea mahari ningekwambia."

"Mahali gani tena? Meno yenyewe sina!" Ulimi wa Babu hauijui r. Akacheka, akaketi kwenye kile kiti, mgongo kwenye mlango. "Ndaga fijo, asante sana. Hapa sitoki."

Ndani ya tela nikasikia kitu kikianguka.

Kwetu mke wa mtoto humwogopa baba mkwe. Hapiti mbele yake, hamtazami usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza, wengine wanakula meza moja na wakwe zao na hakuna linalotokea. Mama hakulegeza. Hakuna aliyemlazimisha, alilelewa hivyo na aliona ndiyo heshima yake kwa mzee. Naye Babu alimheshimu vilevile. Akija kwetu alikohoa tangu migombani, ili mkwe wake apate kuondoka kwa utaratibu.

Nikazunguka nyuma ya tela, kwenye kile kidirisha cha wavu.

"Ameondoka?" Mama alinong'ona.

"Bado."

"Amekaa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango upi?"

"Mlango, Mama. Mlango ni mmoja."

"Na nani alichora hili tela?"

"Nimwambie uko ndani?"

"Uthubutu! Mzee katembea na mguu wake mbovu, umwinue kivulini kwa sababu yangu? Utamwambia nini, mkweo anataka kupita?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nahama wilaya."

Alikuwa amevuta pazia la dirisha la kuuzia. Wateja walikuja, Babu akawapokea kwa furaha, akawasimulia kwamba tela limechorwa na mjukuu wake, akaugonga ubavu wa tela kwa fimbo wasikie lilivyo imara. Ndani, Mama alisikia kila pigo. Wateja walipouliza bei mimi nilikimbia nyuma, nikanong'onezwa kwenye wavu, nikarudi. Mama mmoja mwenye kikapu cha maparachichi alinitazama nilivyohema.

"Mwanangu, mbona nikikuuliza bei unakimbia huko nyuma? Bei mnazifuga?"

Akaenda kwa muuzaji mwingine. Wengine wakamfuata. Ile sauti ya Mama ya gulioni, ya kutania na kukunjua kitambaa hewani mara moja kama anatandika kitanda, haikusikika siku hiyo. Niliporudi kwenye wavu safari nyingine, hakuniambia bei.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ile chai ya asubuhi inataka kutoka."

Nikaelewa. Nikarudi mbele.

"Babu, hujaziona breki."

"Ina bleki?" Akainuka haraka kuliko nilivyotegemea. Nikampeleka mbele kabisa, kwenye mkono wa kuvutia, nikainama, naye akainama juu ya fimbo, nikaanza kumweleza waya unakopita. Nyuma yetu mlango ulifunguka. Tela likatikisika kwenye miguu yake minne, kwa uzito ambao mtu yeyote angeujua ni wa mtu mzima anayeshuka na goti bovu.

Babu hakugeuka. Akakohoa mara moja. Aliendelea kuzitazama breki, akazitazama muda mrefu baada ya maelezo yangu kuisha, mpaka hatua za Mama zilipopotea kwenye kelele za gulio.

"Bleki nzuli hizi," alisema. Akashika njia ya kwake bila kunitania.

Jioni, njiani kurudi, Mama alilisifu tela. Halilowi, halinuki, halitikisiki barabarani. "Ila ni la watu wasio na wakwe," alisema. Gulio lililofuata akasema goti linamuuma. La baada yake pia. Baba akaanza kuulizia fremu ya duka mjini, kwa upole, ambao uliniumiza kuliko kama angefoka. Kisha habari zikatufikia kutoka Masoko kwamba Babu ameacha kwenda gulioni. Watu walipomuuliza alijibu kwamba gulio sasa ni la mkwe wake, mzee hana sababu ya kuziba njia za watu.

Nilikuwa nimepima kila shelfu, na nimewafukuza watu wawili gulioni kwa kivuli kizuri. Siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia mgeni akibisha mbele, na Mama, bila kufikiri, akatoka na sufuria yake kwa mlango wa uani. Nikabaki nautazama ule mlango. Nyumba zote ninazozijua zina mlango wa uani. Nimepita humo maisha yangu yote, kwenda chooni, kutupa maganda, na sikuwahi kujiuliza unamfaa nani. Wale wa kwenye video walikuwa na mbwa tu.

Nikarudi karakana.

"Nyuma?" fundi alisema. "Kwenye ukuta wa mashelfu? Nilikwambia nini?"

"Kila kitu ni kukata."

"Maji yatapenya. Nitaweka mpira, nitaweka gundi, lakini ukuta uliokatwa si ukuta uliozaliwa hivyo. Kwa nini lakini?"

Nikamweleza. Akazima mashine yake ili acheke vizuri. "Mke wangu anamkimbia baba hivyohivyo," alisema. "Juzi karuka mfereji."

Nusu ya mashelfu yangu iling'olewa. Mlango haukuweza kukaa katikati kwa sababu ya chuma cha bodi, ukaenda pembeni, na mpaka leo nikiutazama mkono wangu unataka kuusogeza. Upande huohuo akanitobolea dirisha jingine la kuuzia, lenye kibao cha kushusha. Katikati ya tela nikatundika pazia zito kutoka darini hadi sakafuni. Mchoro wangu mzuri ukawa si mzuri tena.

Tela liliporudi sikumwambia Mama lolote, nilifungua milango yote miwili tu. Aliingia huku, akatokea kule. Akarudi tena, safari hii amekumbatia robota la vitenge mikono miwili, akipita kwa ubavu kuona kama mlango utamtosha. "Haya," alisema. Kwa Babu nilikwenda mwenyewe.

"Kiti chako kipo, upande wa barabara," nilimwambia.

"Na upande wa pili?"

"Una mlango wake."

Akafikiri. Kisha akaanza kuitafuta fimbo yake.

Siku ya gulio ukungu ulichelewa kuondoka. Babu aliketi chini ya kivuli upande wa barabara, Mama akafungua upande wa migomba. Mara nikaisikia sauti yake, anamtania mteja kwamba kitenge kile kitamrudisha mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Chunya. Babu aliisikia pia. Akaanza kuwasimamisha wapita njia: "Zungukeni huko nyuma, huko ndiko kwenye mali. Mimi hapa mlinzi." Nao walizunguka, wengi zaidi ya nilivyozoea kuona.

Mama alipochemsha chai alimimina kikombe, akakiweka kwenye kibao, nikakipeleka. Babu alikunywa polepole, macho barabarani.

"Mwambie chai imekolea tangawizi," alisema.

Kati yao kulikuwa na pazia na mbao nyembamba. "Amesikia, Babu."

"Najua amesikia. Nimekutuma umwambie."

Nikazunguka tela. Mama alikuwa ameinamia vitambaa vyake, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokizuia.

"Babu anasema chai imekolea tangawizi."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akarekebisha kilemba, akasimama wima kama mtu anayeongea na mkubwa wake. "Mwambie nimeshukuru," alisema, kwa sauti ambayo hata wa barabarani aliisikia.

Nikazunguka tena kumwambia.