Maharagwe ya Mlango wa Nyuma

Dada yangu alirudishwa kutoka kwa mumewe, Kinanira, kwa sababu ya maharagwe. Watu wakiniuliza huwa nawajibu hivyo hivyo, nawaacha wacheke, kisha ndipo nawaeleza. Ilikuwa msimu wa mvua, makaa yote mjini yamelowa, naye alikuwa amepepea moto hadi mkono ukafa ganzi. Akateremka kwenye mgahawa ulioko chini ya kilima, akanunua maharagwe yaliyokwisha kuiva, akayakaangia vitunguu na mawese, akamwandalia mume wake na mama mkwe wake. Wakala, wakasifu. Kesho yake jirani mmoja mwenye mdomo akampasha mama mkwe habari ya alichokiona mgahawani.

Asiyekulia Bujumbura anaweza kudhani natania. Kwetu mwanamke husamehewa mengi, lakini maharagwe yake sharti yachemke mbele ya mlango wake tangu mchana, juu ya mbabura yake mwenyewe, lile jiko dogo la makaa, wapita njia wauone moshi na wasikie kifuniko kikicheza. Anayenunua yaliyoiva amekwisha. Mama mkwe alimfungia dada nguo zake kwa mikono yake mwenyewe, na mume alisimama pembeni akichezea simu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yenyewe, ila kilichotajwa mbele ya wazee ni maharagwe.

Mama yetu alimpokea pale kwetu Cibitoke bila hata kumpa kiti.

"We, hata maharagi yamekushinda?"

Akamwonyesha chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea baiskeli mbovu. Jioni ile, majirani wakiwa wamekuja kuangalia kilichotokea huku wakijifanya wamekuja kuomba chumvi, mama aliapa mbele yao kwamba hatatia mdomoni chakula kilichopikwa na mtoto aliyerudishwa. Nilikuwa naishi naye nyumba hiyo hiyo, na niliona aibu kuwa binti yake.

Basi wakapita watu wa mradi. Mji wetu una wageni wa namna hiyo kila wakati, lakini hawa walikuwa na neno. Walisema vilima vinanyolewa miti ili sisi tupate makaa, na kwamba kila nyumba ya avenyu yetu inawasha moto wake wa nusu siku kwa ajili ya chakula kile kile. Jiko moja kubwa lililojengwa vizuri lingeweza kupikia avenyu nzima, tena kwa makaa yaliyofinyangwa kutokana na maganda ya mpunga yanayotupwa kwenye vinu vya huko bondeni. Moshi ungepungua, gesi ya ukaa ingepungua, miti ingepumua. Sikuwa na ugomvi na wazo lao. Ugomvi wangu siku zote ni na watu.

Walitafuta mpishi avenyu yote, hakuna aliyejitokeza, maana kupikia watu maharagwe kwa kuuza ni kazi ya mwanamke asiye na kwake. Dada akainua mkono. Mama akacheka kwa sauti, peke yake.

Wakamletea jiko. Lilikuwa la chuma kinene, udongo ndani, bomba la moshi likipanda hadi juu ya ukuta, na juu yake sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtu mzima. Wakamwambia bila kumficha kwamba jiko ni la kuazimwa. Kiangazi kikiisha watarudi kuuliza. Wakikuta makaa yamepungua kwenye avenyu, jiko ni lake, tena watamjengea kibanda cha kuuzia kinachotazama barabara. Wakikuta hayajapungua, jiko litaenda kwa watu wengine. Dada alinishika mkono siku hiyo, akaniambia ataliacha jiko hilo siku ya kuzikwa.

Nimeona wapishi wengi lakini sijaona mtu aliyelichukia jambo hadi akalijua namna ile. Aliroweka maharagwe tangu jioni ya kabla, akayachemsha kwa moto mkali mfupi, kisha akabana milango ya jiko, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akayaacha yaive kwa joto lililobaki. Mchana yalikuwa laini kama siagi na moto ulikuwa umekwisha kitambo. Wauza makaa wangeona jinsi alivyotumia moto kidogo wangelia.

Wateja wakaja. Wakaja kwa mlango wa nyuma, wa upande wa mtaro, jua likiinama, kila mmoja na kisufuria chake kimefungwa kitambaa kama anayempelekea mgonjwa uji. Hawakusalimiana. Mke mmoja akimkuta mwenzake pale, wote wawili walitazama mtaro. Na kila mmoja, kabla ya kuondoka, alimwambia dada maneno yale yale:

"Usinitaje, yaya."

Yaya ndivyo tunavyowaita kwetu dada wakubwa. Waliomwita hivyo mtaroni walimwita mrudishwa kisimani.

"Sikutaji," dada alijibu kila mmoja.

Sasa njoo uone akili za avenyu yetu. Wakishafika nyumbani na maharagwe yaliyoiva ndani ya kitenge, wote waliwasha mbabura. Ndiyo. Walitoa makaa yao, wakapepea, wakafukiza moshi mbele ya mlango, wakabandika sufuria ya maji matupu, wakaketi kwenye kigoda mbele yake hadi giza, kifuniko kikirukaruka, ili mama mkwe aone, ili mume akirudi akute mke yuko motoni. Wengine walikoroga. Nilimwona mmoja akionja. Nadhani hakuna mtaa mwingine duniani uliowahi kupunguza makaa kwa kuyachoma yale yale tena na kuongezea jiko juu yake.

Na aliyewasha moto mkubwa kuliko wote alikuwa mama yangu.

Kila jioni alinituma. "Nenda ukakamate yako kwa ule dada yako, kama we hauna haya." Nikienda, dada alinipa visufuria viwili. Kimoja kilikuwa changu. Kingine, kidogo, alikuwa amekijaza kutoka sufuria kubwa kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza mama chumvi. Mama ana tansiyo, shinikizo la damu, na alikuwa akizimia mara kwa mara kabla hatujajua. Dada hakusema kitu juu ya kisufuria kile. Nami sikusema. Nilikiweka mezani mahali pa mama, nikatoka, na nikirudi kilikuwa kimekombwa. Tena alinung'unika, yule mama! Aliuambia ukuta, maana hakuwa anasema na mtu: "Mutoto gani huyu, hata chumvi hajui kutia." Nje, mbabura yake ilikuwa inachemsha maji.

Sikumpenda mama yangu jioni hizo. Nilimtazama akifuta kisufuria kwa tonge la bugali na nikamwombea limkwame.

Kiangazi kikaisha, watu wa mradi wakarudi. Bwana mmoja na madamu mmoja, ndani ya gari kubwa ambalo dereva hakulizima muda wote waliokaa, ili ndani pasipate joto. Mji mzima ulikuwa hauna mafuta wakati huo, watu wanatembea kwa miguu kutoka kazini, na gari hili lilinguruma pale kwenye kona likipumulia watoto wetu usoni huku sisi tunaulizwa habari za moshi. Nilimwambia dereva azime. Akapandisha kioo.

Walianza kwa muuza makaa wa mwisho wa avenyu, wakamuuliza kama biashara yake imeshuka. Akasema kweli tupu, maskini: anauza kama zamani. Kisha wakawakusanya wanawake chini ya kivuli cha ukuta, na mama wakwe nao wakaja, wakapewa viti vya mbele. Bwana akauliza nani kati yao ananunua maharagwe ya jiko jipya.

 Niliwahesabu kwa macho wote niliowaona mtaroni, na karibu wote walikuwa pale, wamekunja mikono.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwanamke wa nyumba ya kona. Jana yake alikuwa amemwomba dada amwongezee upawa.

"Mi? Kununua maharagi yenye kupikwa? Mi niko mwanamuke."

Wakacheka. Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Apana, mi apana, sisi apana, kwetu apana. Kila mmoja alitafuta neno la kumpita aliyetangulia. Mmoja alisema maharagwe ya dada yananuka mpunga. Mwingine akasema wanaokula pale labda ni mbwa wa mtaroni. Dada alikuwa amesimama kando ya jiko lake, mikono ndani ya kitenge, na nilimwona akiwatazama mmoja mmoja wanapoongea, bila hasira, kana kwamba anahakikisha wote wapo.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikamnyooshea kidole bibi harusi mmoja mdogo, aliyeolewa juzi juzi na kuletwa nyumba ya jirani, nikafungua mdomo niwaulize watu kisufuria cha buluu chenye mkono uliovunjika ni cha nani. Yule binti akanitazama. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mbele yake, bega kwa goti. 

"Nyamaza," dada akaniambia. "Kaa chini, mudogo wangu."

"Lakini yaya..."

"Mi niliwaahidi."

Nikakaa. Alikuwa akijua kuliko sisi wote kile ambacho mama mkwe anaweza kufanya na habari ya maharagwe. Angeweza kuliokoa jiko lake kwa kutaja majina mawili tu, na wenye majina hayo wangekuwa barabarani na mabegi yao kabla ya jua kuzama. Hakutaja hata moja. Wenyewe walimtazama akinyamaza, wakapumua, na hakuna aliyemshukuru, si siku ile wala baadaye.

Yule madamu alikuwa na moyo. Aliona jambo haliko sawa. Akamgeukia mama yangu, akauliza kwa upole kama basi nyumbani kwao wenyewe, mama mzazi, hali chakula cha jiko hilo. Lilikuwa swali la mwisho na lilikuwa la kumsaidia dada. Ndiyo moja tu ilitosha. Mama hakuwa na mama mkwe wa kumwogopa, amekwisha kumzika. Hakuwa na mume wa kumfukuza, naye pia amekwisha kumzika. Hakuwa na kitu cha kupoteza isipokuwa kile kiapo chake mbele ya waomba chumvi.

Akajitengeneza kitenge begani.

"Mi sijalamba hata chumvi yake," akasema. "Mungu eko."

Wanawake wakampigia makofi. Na alikuwa hajasema uongo, ndilo lililoniuma: chumvi ya dada hakuwahi kuilamba.

Dada aliinama, akafungua mlango wa jiko, akaanza kukokota majivu ili liwe jepesi kubebwa.

Lilipelekwa Kanyosha, upande wa pili wa mji, kwa kikundi cha wanawake wanaouzia wajenzi na waendesha baiskeli. Walikuwa na jiko, hawakuwa na anayejua kulibana, kwa hiyo walimwomba dada aende nalo. Akaondoka na begi lile lile alilorudi nalo kutoka Kinanira. Huko wateja ni wanaume wenye njaa, wanaokula wamesimama, mchana kweupe, bila kujali moto uliwashwa na nani. Nilipomtembelea niliona mambo yale aliyoyaota bwana wa mradi: vibanda jirani vimezima majiko yao, vinachukua maharagwe kwake na kutia viungo vyao. Makaa yamepungua kweli. Nilifurahi, na nilichukia kwamba haikuwa kwetu.

Huku Cibitoke, wake wa avenyu wamerudi kupepea. Sasa sufuria zao zina maharagwe kweli, mabichi, na makaa yamepanda bei hadi wengine wanaweka moto wa nusu saa na kuwalisha waume zao maharagwe yanayogonga meno. Bibi harusi mdogo alirudishwa kwao. Sikuuliza kwa nini.

Mama naye alivumilia kupika kwa muda. Macho yake hayavumilii moshi tena, na meno yaliyobaki hayawezi kitu kigumu. Jioni moja alinipa kile kisufuria kidogo, kimeoshwa, na kitambaa chake.

"Ukienda Kanyosha," akasema akitazama ukuta, "unikamatie kidogo. Umuambie ni ya kwako."

Nikaenda. Nilimpa dada kisufuria, sikusema ni cha nani, na hakuuliza, alikuwa akikijua. Alikishika muda kidogo. Kisha akafunua sufuria kubwa, ile ya kuuzia wajenzi, iliyokwisha kutiwa kila kitu, akateka upawa mmoja mzuri uliojaa, akafunga kitambaa.

"Chukua," akasema. "Ni kama ya watu wote."

Ningeweza kumkumbusha. Sikumkumbusha.

Mama alifungua kitambaa kabla sijavua viatu. Akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu dada arudi kutoka Kinanira, niliona ameelewa jambo.

"Kuna chumvi," akasema.

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo yake."

Alikaa hivyo, tonge shavuni, hadi nikadhani atalia, na nikaona nasubiri alie. Hakulia. Alimeza. Kisha akachukua jagi, akamwaga mchuzi wote ndani ya beseni, akayaosha maharagwe kwa maji baridi, mara moja, mara ya pili, akayala meupe hivyo hivyo kwa vidole. Nje, mbele ya mlango, sufuria yake ya maji ilikuwa inachemka.