Kura Iliyoiacha Ras Al Khor Nje

Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025. Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito, na joto halikushuka chini ya nyuzi thelathini na moja. Ukungu ulipoondoka unyevu ulibaki, na vioo vya madirisha ya mtaa wa Karama, Dubai, vilitoka jasho kwa nje mpaka adhuhuri.

Everlyn Nasimiyu aliamka saa kumi na moja, na kama kawaida alisikia njumu. Katika chumba kile walilala wanawake sita, wote wafanyakazi wa hoteli, na hakuna hata mmoja mwenye viatu vya kuchezea mpira. Alikaa kitandani akasikiliza mpaka sauti ikaisha: meno ya viatu yakigonga saruji, watu kumi na mmoja wakitembea bila haraka na bila kuzungumza. Kisha akaenda kuoga.

Ana miaka arobaini na miwili, ni mzaliwa wa Webuye, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja Dubai. Hotelini yuko chumba cha mashuka. Kila shuka linalotoka kufuliwa hupita mikononi mwake kabla halijapanda kwa wageni. Likiwa na tundu dogo, hata kama ni safi kabisa, huliweka kando. Wasimamizi wake husema hajawahi kukosea.

Siku za mapumziko yeye ni katibu wa ligi ya soka ya Waafrika Mashariki. Timu ni kumi na mbili, na kila moja ina jina la mahali wachezaji wake wanakolala au kufanya kazi. Uwanja hukodishwa siku moja tu kwa wiki na watu wako kazini kwa zamu, kwa hiyo kila timu hucheza mechi sita tu, na si zote zinazokutana. Mechi zikiisha, kamati ya watu watano, katibu akiwa mmoja wao, huketi na kuchagua timu nne za kuingia nusu fainali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, na hakuna aliyelalamika sana mpaka mwaka 2023.

Mwaka huo Ras Al Khor, vijana wa gereji na maghala, walicheza mechi sita wakashinda zote sita. Katika mechi ya mwisho kipa wao, Wahid, alivunjika kifundo cha mkono. Kamati ilikutana tarehe 12 Februari. Timu tatu hazikuwa na ubishi. Nafasi ya nne ilibaki kati ya Ras Al Khor na Bur Dubai, waliokuwa wameshinda tano na kupoteza moja. Wajumbe waliandika timu zao nne nyuma ya risiti za mkahawa, wakazikunja, na Everlyn akazifungua peke yake. Alisoma jumla tu: Bur Dubai tatu, Ras Al Khor mbili.

Siku ya nusu fainali Ras Al Khor walikuja. Walishuka kwenye basi dogo wakiwa wamevaa jezi na njumu, wakapita kwenye saruji ya maegesho, wakajipanga nje ya uzio, na wakasimama pale dakika tisini wakitazama. Hawakupiga kelele wala kutukana. Mechi ilipokwisha, nahodha wao Jeremy, fundi wa kunyoosha bodi za magari, alikuja kwenye meza ya katibu.

"Dada Eve," alisema kwa upole, "wewe ndiye unayeandika kila kitu. Tuandikie na hili basi. Tulishindwa na nani?"

Everlyn alifunga daftari lake. Mwezi wa Mei mkataba wa Jeremy uliisha akarudi Kakamega. Mwezi wa Agosti habari ikaja kwenye kundi la simu kwamba amefariki, figo. Mpira haukumuua, na hakuna aliyesema ulimuua. Lakini ni kuanzia wiki ile Everlyn alipoanza kusikia njumu alfajiri.

Ras Al Khor walijitoa kwenye ligi. Lawama ikamwangukia Ronny, mjumbe mdogo kuliko wote, msimamizi wa walinzi, kwa sababu alikuwa akiishi Bur Dubai. Aliapa kwamba aliipigia Ras Al Khor. Watu walicheka. Wakamwita Ronny Nafasi, kana kwamba aliuza nafasi ya wenzake. Binamu yake anayefanya kazi gereji alihama chumba walichokuwa wakikaa pamoja, na tangu hapo hawasalimiani.

Jumapili hii, saa kumi alasiri, kamati ilikutana chumba cha nyuma cha mkahawa huko Karama. Ajenda ilikuwa moja: kuirudisha Ras Al Khor kabla msimu haujaanza Oktoba. Wahid, ambaye sasa ndiye nahodha wao, alialikwa. Ni mtu wa Tanga, mrefu, na mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa.

Mwenyekiti ni Mzee Himid, mwenye duka la vitambaa, aliyeletwa na wazazi wake kutoka Unguja akiwa na miaka minne. Alisubiri chai ifike ndipo akaanza.

"Haya jamani. Mie nasema hivi. Tumekuwa tukichukua wanne, wa tano analia. Basi tuchukue wanane, kilio kiishe, tupendane."

"Mzee, tukichukua wanane Ramadhani itatukuta robo fainali," Ronny alisema. "Sultan atacheza na tende mfukoni."

"Mimi hata nikiwa na tende mfukoni nakupita," Sultan, mjumbe ambaye pia ni mchezaji, akajibu. Clifford, mjumbe wa tano, alicheka mpaka chai ikamwagika.

Wahid hakucheka. "Na wa tisa?"

"Wa tisa kafanyaje?" Mzee Himid akauliza.

"Wa tisa naye ana mama yake, mzee. Hapo mmeusogeza ukuta tu, hamjaubomoa. Sisi hatukuachwa kwa sababu nafasi zilikuwa chache. Tuliachwa na watu waliokaa kwenye viti kama hivi, wakaandika."

Wahid akasema vijana wake watarudi kwa masharti mawili. La kwanza, timu iliyoshinda mechi zake zote iingie bila kupigiwa kura na mtu yeyote. La pili, Ronny atoke kwenye kamati.

"Si nilishawaambia niliwapigia nyinyi?" Ronny alisema.

"Ndugu yangu, mwizi gani aliwahi kusema ameiba?"

"Nakula kiapo."

"Ulikula mwaka juzi. Ulishibaje?"

Ronny alitazama meza. Alipoinua uso alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limechoka. "Yalla, basi. Kama mimi ndiye mlango, nitoke mpite. Hata kununua chapati siku hizi naitwa jambazi."

Mzee Himid alivuta pumzi. "Wenye kukubali Ronny apumzike, mikono."

Clifford aliinua. Sultan aliinua polepole. Mzee mwenyewe akainua. Walikuwa wakimsubiri katibu aandike.

Everlyn hakuandika. Alifungua mkoba wake akatoa bahasha, na ndani yake risiti tano zilizokunjwa. Alikuwa nazo miaka yote hiyo. Alizitandaza mezani, moja baada ya nyingine, na kila mtu aliutambua mwandiko wake. Ya Ronny ilikuwa na majina manne, la pili likiwa Ras Al Khor. Ya Everlyn ilikuwa na Ras Al Khor mahali pa nne, imepigwa mstari, na juu yake imeandikwa Bur Dubai.

"Kura ya tatu ilikuwa yangu," alisema.

Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikidondosha maji kwenye ndoo. Wahid alivuta kiti karibu na meza.

"Kwa nini, dada?" Wahid aliuliza.

"Mkono wako ulikuwa kwenye plasta. Niliona mtafungwa saba, na mechi ilikuwa inarushwa moja kwa moja mtandaoni, nyumbani wanatazama. Nikasema afadhali msiingie kuliko muaibike."

"Saba." Wahid aliigusa risiti kwa kidole. "Tungefungwa saba, dada, tungerudi kambini tukacheka wiki nzima. Jeremy angemtania yule kipa wetu wa akiba mpaka siku ya kwenda zake Kakamega. Saba ni kitu. Mtu anaweza kukisimulia."

Everlyn alisema anajua. Alisema hata usiku ule baada ya kura alijua, lakini alishatangaza.

Mzee Himid alizikusanya zile risiti akazirudisha kwenye bahasha. Ni mtu wa kupenda amani. "Khalas. Limesemwa. Sharti la kwanza la Wahid lipite, wanane wapite, Ronny abaki kitini pake. Na haya mengine yabaki humu ndani. Tusimwaibishe Bi Everlyn, katutumikia huyu."

Wahid alikubali, kwa sababu alichokijia alikuwa amekipata. Mikono ikainuliwa tena. Safari hii Everlyn aliandika.

Walipokuwa wakitoka, Ronny alimsubiri ngazini.

"Ile siku nilipokuwa na homa, ukaniletea uji mpaka Bur Dubai," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukakaa pale kitandani kwangu, nikikulalamikia wanavyoniita. Ukanipa pole."

"Ndiyo."

Ronny alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Akashuka. Everlyn alimsikia mlangoni akisalimiana na vijana wawili wa ligi, na mmoja wao akisema kwa sauti, "Ronny Nafasi, leo umeuza ya nani?" Ronny aliwapita tu, akaenda zake kituo cha metro. Kilichosemwa chumba cha nyuma kilikuwa kimebaki chumba cha nyuma, kama mzee alivyotaka, na jina lilikuwa bado liko nje likitembea na mwenyewe.

Everlyn alisimama ngazini mpaka mhudumu wa mkahawa akamwomba apishe.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, alifika hotelini dakika ishirini kabla ya zamu. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na kuandika kwenye kundi la ligi, lenye watu mia mbili na kumi na wawili: "Mimi ni Everlyn Nasimiyu, katibu. Tarehe 12 Februari 2023 Ras Al Khor iliachwa nje kwa kura tatu dhidi ya mbili. Kura ya tatu ni yangu. Ronny aliwapigia kura Ras Al Khor. Nilijua hivyo siku zote na sikusema. Msimwite tena lile jina." Aliweka picha za risiti mbili, yake na ya Ronny. Alisoma tena mara moja, akarekebisha nukta, akatuma.

Waliosoma walikuwa kumi na saba alipoizima simu. Akaifungia kabatini, akavaa sare, akaingia kwenye mashuka.