Unga Ndani ya Shati

Tiketi ya bei nafuu ina masharti yake. Hii ilimruhusu abiria kibegi kimoja tu, kinachoingia chini ya kiti. Abiria huyu, fundi wa cherehani, hakubabaika. Alichukua tepu, akapima, akakata turubai, akashona begi lake mwenyewe, likaenea kwenye vile vipimo kama kidole ndani ya subana.

Kazi ilikuwa kuamua kiingie nini. Mtaani walimwita Bi Sili, kwa sababu kila alikoalikwa neno lake la kwanza lilikuwa, "Samahani, mimi hiki sili." Wengi walidhani anaringa. Ukweli ni kwamba mwaka uliopita, baada ya kukonda mpaka sketi zake zote akazipunguza kiunoni, daktari alimwambia ngano ndiyo inayomkwangua utumbo. Mkate, tambi, keki, hata mchuzi uliotiwa unga kidogo ili uwe mzito, vyote ni mwiko kwake maisha yake yote. Huko aendako hakujua atapata nini. Basi akapakia unga wa mtama, karanga za kukaanga, kijiko, na kisufuria ambacho hakijawahi kuonja ngano. Nguo hazikupata nafasi. Nguo angezivaa, moja juu ya nyingine.

Alipokuwa anafunga zipu, mama yake aliingia na shati la shule lililofubaa.

"Hili mpelekee mjukuu wangu. Angalau amshike baba yake."

Begi lilikuwa limejaa pomoni, lakini nani angethubutu kulikataa shati lile? Lilikuwa la kaka yake. Alilishona fundi mwenyewe akiwa bado anajifunza cherehani, na ukosi ulikuwa umekaa upande mpaka leo. Akatoa unga, akauzungushia shati, akafunga fundo kwa mikono ya shati. Vitu viwili vikachukua nafasi ya kimoja.

Kaka yake alikuwa amefia ughaibuni, ghafla, muda mfupi baada ya kula chakula cha jioni. Alizikwa hukohuko. Nyumbani hawakuuona mwili, na pale pasipokuwa na mwili maneno yakajaa: mke alimtilia kitu kwenye chakula. Aliyeanzisha hakujulikana. Mama hakuyasema, ila hakuyakanusha pia. Nayo maneno yakasafiri bila tiketi hadi yakamfikia mjane. Tangu hapo, ukipiga simu utapata salamu, "mtoto hajambo," na simu imekatwa. Mara moja tu aliongeza kitu. Alisema hampeleki mwanawe kwa watu wanaomwita muuaji.

Ndiyo maana fundi alitumwa. Aende akatulize mambo, mtoto aje likizo, bibi yake amwone kabla macho hayajafumba kabisa.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege afisa aliutoa mfuko wa unga, akautikisa.

"Dada, huu ni unga, au ni *unga*?"

Foleni nzima iliangua kicheko.

"Wa mtama, afande. Onja."

Hakuonja. Na angani fundi alirudisha sinia la chakula kama lilivyokuja, akatafuna karanga zake akitazama mawingu.

Wifi yake, yule mjane, alikuja kumpokea kwenye kituo cha basi la kutoka uwanja wa ndege. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viganja vyekundu, maana kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alimtazama mgeni aliyetuna kama mto wa sofa.

"Wifi! Umevaa kabati zima?"

"Mlango wake nimeuacha nyumbani."

Wakacheka, na fundi akapata matumaini. Alipanga kueleza habari za ngano watakapokuwa wameketi, kwa utulivu. Kwenye simu hakuweza. Angesikika kama mtu anayetafuta kisingizio.

Lifti ilikuwa mbovu. Walipanda ngazi wakihema. Chumbani meza ilikuwa imeshaandaliwa: bakuli la tambi, na mkate ambao wifi aliuoka mwenyewe asubuhi ile, bado una joto chini ya kitambaa. Mtoto, msichana wa miaka saba, alikuwa akilizunguka begi.

"Shangazi, umeniletea nini?"

"Fungua. Kuna shati la baba."

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Mtoto alivuta shati, fundo likalegea, mfuko wa unga ukadondoka mezani kando ya mkate. Kisufuria kikafuata, kisha kijiko kikabingirika mpaka miguuni kwa mama yake.

Wifi alikiokota. Alikitazama, akautazama unga.

"Umekuja na chakula chako. Na sufuria. Na kijiko!"

"Wifi, ni tumbo langu. Ngano hainipendi, daktari…"

"Usinifanye mtoto. Marehemu alinisimulia mlivyokuwa mkipigania ganda la mkate, wewe ndiye unayeshinda. Tumbo limeharibika leo, mlangoni kwangu?" Sauti yake ilishuka. "Sema tu kwamba mmeogopa. Nilimuua yeye, sasa nitakuua wewe."

Mtoto alikuwa amesimama na shati kifuani, akimtazama huyu na yule.

Fundi aliona safari yote inamponyoka. Maneno yoyote ambayo angeyasema yangekuwa maneno ya ukoo uleule. Alinyoosha mkono, akakata ganda la mkate, akala. Akakata tena. Akajipakulia tambi, akala mpaka bakuli likabaki jeupe. Mabega ya wifi yake yalishuka, na baadaye akaleta chai.

Saa moja na ushei ikapita. Tumbo lilipoanza kusokota, fundi alielewa alichokifanya, na hofu ikamshika kuliko maumivu. Akiugua hapa, baada ya chakula hiki, habari zikifika nyumbani, mjane huyu amekwisha. Alijifungia bafuni, akafungulia bomba ili maji yafunike sauti.

Hayakufunika.

"Wifi? Fungua. Fungua, nakuomba, usinifie humu ndani! Watasema nini?"

Alifungua akiwa amepiga magoti, jasho linamtiririka.

"Si chakula chako," alisema. "Ni ngano. Nilikwambia. Ilianza ukubwani."

Wifi yake aliketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani. 

"Yaani umekula sumu ili kunionyesha kwamba mimi sitoi sumu?"

"Ndiyo."

"Ukoo mzima hamnazo nyie." Machozi yalikuwa yakimshuka. "Hata yeye alikuwa hivyohivyo. Kifua kilimuuma wiki nzima, ananiambia ni uchovu, asinitie wasiwasi."

Hilo nyumbani hawakuwahi kulisikia. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kesho yake fundi alikuwa bado kitandani, dhaifu kama uzi uliolowa. Wifi yake alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akateleka kile kisufuria, akakoroga uji wa mtama kwa kile kijiko. Mtoto alikaa miguuni pa kitanda amevaa shati, mikono ya shati inapita vidole vyake. Simu ikalia, fundi akaiweka kwenye spika.

"Unakula huko?" mama aliuliza. "Unga unatosha? Unajipikia?"

Kijiko kilisimama ndani ya uji.

"Sijipikii, mama. Ananipikia wifi. Nakula mikononi mwake, namaliza bakuli."

Mtoto aliitazama simu kama imezimika.

"Anapika vizuri?"

"Sukari imezidi kidogo."

Wifi alimtishia kwa kijiko.

"Mpe simu," mama alisema.

Wifi alijifuta mikono, akajifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alikohoa. "Marahaba, mwanangu. Na wewe, umekula?"