Nilivyomuua Baba Mkwe kwa Kunyoa Kipara

Hii aibu ningependa kukaa nayo mwenyewe, lakini kijijini kwetu Bashay wote wanaijua na kila mmoja anaisimulia kwa kuongeza chumvi yake, kwa hiyo bora muisikie kwangu. Nilimuua baba mkwe wangu. Sikumgusa hata kidogo, nilinyoa tu.

Mimi nalima vitunguu saumu na ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Msimu huo tulipata bahati: mnunuzi mmoja wa Arusha, Madam Stela, alisema anakuja mwenyewe kuuona mzigo, na akiridhika atachukua wa kikundi kizima kila msimu, tuachane na madalali wanaokuja na mizani wanayoijua wao. Wenzangu wakakubaliana kwamba katibu ndiye atakayezungumza. Hapo kichwa kikavimba, na kilipovimba nikaanza kukitazama kwenye kioo.

Nywele zilikuwa nyingi, nikiri, na vumbi la shamba halikuwa linatoka hata nikioga mara mbili. Halafu nikaona video kwenye simu, jamaa mmoja kavaa suti anasema mfanyabiashara anapimwa kwa nywele zake kabla hajafungua mdomo (za kwake zilikuwa zimenyooka pembeni kama zimepigwa rula). Mke wangu Paulina akaniambia, "Baba Neema, lete mkasi nikupunguze, ni dakika kumi tu." Nikamjibu kwamba mkasi ni wa kondoo. Ningekaa tu kwenye kile kigoda chake siku ile, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Basi asubuhi ya mkutano nikawahi Mbulu mjini kwa Elia, kinyozi niliyesoma naye. Nilikuwa nimeazima koti jeusi la katekista, maana langu la harusi halifungi tena. Nikamwambia Elia anitoe kama yule wa kwenye video, juu zibaki, pembeni zififie. Akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto, akapanda, akapanda, na alipofika katikati ya utosi umeme ukakatika.

Tukangoja. Mkutano ulikuwa saa nne, na saa mbili ilishapita. Nikajitazama: kushoto mkurugenzi, kulia kichaka.

"Tutoe zote kwa wembe," Elia akasema. "Mabosi wengi siku hizi wana vipara."

Nikakubali. Na niwaambie ukweli, alipomaliza na kunipaka mafuta nilijiona nimependeza, isipokuwa baridi tu, maana kichwa ambacho hakijawahi kukaa nje hakijui hali ya hewa ya Mbulu.

Sasa, jambo ambalo kila mtu huku analijua, na mimi nalijua tangu utoto ila asubuhi ile lilinitoka kabisa, ni kwamba mtu mzima akinyolewa kichwa chote kwa wembe, ghafla, huyo ana msiba. Pili, lile koti katekista hulivaa mazikoni, watu wanalijua kama wanavyoijua kengele ya kanisa. Na tatu, baba mkwe wangu, Mzee Tluway wa Hirbadaw, alikuwa amelazwa wiki nzima, amewekewa mashine ya kumsaidia kupumua, na kanisani tulikuwa tukimwombea.

Bodaboda ikanishusha njia panda, nikakutana na Bibi Martha, jirani yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akatazama kichwa, akatazama koti, akaweka kiganja mdomoni. "Pole mwanangu. Imekuwaje?"

Nilidhani ananipa pole ya nywele. Nikamweleza ilivyokuwa. "Umeme ulikatika katikati, bibi, mashine ikazima. Ikabidi tukubali tu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi hii hii."

"Na Paulina anajua?"

"Bado. Atazoea tu."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akageuka akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Kutoka hapo hadi ghala la kikundi ni mwendo mfupi, na nilitembea kama waziri. Wanaume walisimama wakavua kofia. Vijana waliokuwa wanapiga muziki kibandani wakazima. Mama mmoja akashusha ndoo yake ya maji kichwani akanipisha. Nikajiambia, kumbe yule jamaa wa video anasema kweli, kipara kina heshima yake (Mungu anisamehe, hata nilipunguza mwendo ili wanione vizuri).

Ghalani wote walikuwa wamekaa kimya, Madam Stela akiwa mbele na daftari lake. Mwenyekiti wetu, Mzee Gwandu, akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Umejikaza sana kuja," akasema.

"Kazi ni kazi, mzee."

Nikamwona Madam Stela anatikisa kichwa. Nikajua nimeshamshinda kabla hata ya hotuba.

Tukaambiwa tusimame kwa sala. Nikafumba macho, nikaombea soko. Katekista akaanza, akaomba vizuri tu, mpaka aliposema, "Umpokee mzee wetu Tluway wa Hirbadaw, na umtie nguvu mkwewe aliyesimama hapa mbele yetu."

Nikafumbua macho. "Mzee Tluway yupi?"

"Baba mkwe wako," katekista akasema polepole.

"Huyo hajafa."

Watu wakatazamana. Mzee Gwandu akanikalisha kwenye benchi. "Pumzika mwanangu. Uchungu huja hivyo, mtu anakataa kwanza." Kila nilipokataa ndivyo walivyozidi kunihurumia. Mmoja akaniletea maji. Nikawaambia jamani, nimenyoa tu, na Mzee Gwandu akajibu kwa upole, "Tunaona umenyoa."

Kisha tukasikia kilio kutoka barabarani, na hapo ndugu zangu hapachekeshi. Alikuwa Paulina. Bibi Martha alikuwa amefika nyumbani kwangu kabla sijafika ghalani. Mke wangu alikuja amezungukwa na wanawake, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, na aliponiona kichwa hakuuliza lolote. Alisema tu, "Baba Neema, ndiyo umeniacha nisikie kwa watu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia yuko hai, naye macho yake hayakutoka kwenye kile kipara. Nikatoa simu, nikampigia kaka yake aliyekuwa anamuuguza mzee, nikaweka sauti kubwa.

"Shemeji, mzee anaendeleaje?"

"Anakunywa uji. Leo wamemtoa ile mashine. Ongea naye."

Watu wakasogea karibu na simu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Nani analia hapo?"

"Ni Paulina, baba. Wamemwambia umefariki."

Tukamsikia anameza uji. "Nani amesema?"

Macho yote yakanigeukia, na ya Madam Stela yakiwemo.

"Mimi, baba. Nilinyoa."

Paulina alikaa chini palepale akacheka na kulia pamoja, halafu hakunisemesha siku tatu. Madam Stela alifuta machozi kwa leso, akasema yeye alikuja kuangalia vitunguu, akaingia ndani, akavishika, akavivunja, akavinusa, akakubali kuchukua. Ila akaomba kwa adabu kwamba kuanzia sasa awasiliane na mwenyekiti. Hotuba yangu bado iko mfukoni mwa lile koti.

Jumapili tukaenda hospitali. Mzee alikuwa amekaa kitandani, nami nikasimama mbele yake nimevaa kofia ya sufu hadi masikioni.

"Vua," akasema.

Nikavua. Akakitazama kichwa kwa muda mrefu sana, Paulina akiangalia dirishani ili asicheke.

"Kinyozi wako ana mkono mzuri," akasema. "Sasa sikia. Siku nyingine ukitaka kunyoa, unipigie kwanza."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani, kwa sababu mwezi uliofuata nilipita kwa Elia kimyakimya, mzee akasikia kwa watu, akanigombeza. Tangu hapo nimeapa, siketi kwenye kiti cha kinyozi, hata kwa kupunguza ndevu tu, kabla sijapiga simu Hirbadaw. Elia hunifunga kitambaa shingoni, anangoja na mashine mkononi.

"Shikamoo baba. Niko kwa kinyozi."

"Marahaba," baba mkwe hujibu. "Mimi nipo. Nyoa."