Wingu Lililokataa Kuondoka Kiriri

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata nyanya nilizokwisha kupunguziwa bei, na tabia hiyo ndiyo iliyoniaibisha.

Kazi yangu ofisini ni kuandika programu inayochora mipaka ya mitaa na majina yake juu ya picha za rada ya mvua. Jumamosi, siku ya mahari ya binti yake, shefu wangu wa kazi alinipigia simu: "Viti tuweke inje ao mu nyumba?"

Nilifungua picha kwenye simu. Juu ya mtaa wa Kiriri, anakokaa, palikuwa na doa la kijani na jekundu. Nikangoja nusu saa, nikatazama tena. Lilikuwa palepale. Nikampigia:

"Mu nyumba, shefu. Ile wingu imekaa, haitembei."

Wageni themanini, niliwahesabu mara mbili, tulibanana sebuleni huku jua likiwaka nje. Shefu akaikuza picha, akasoma polepole: "Kijani, mvua kidogo. Nyekundu, mvua kubwa." Akanigeukia. "Mi sijaona bado wingu yenye kujua kuandika."

Lile doa lilikuwa kisanduku cha kueleza rangi za rada. Nilikibandika mwenyewe Ijumaa, nikahakikisha mara mbili kwamba hakisogei.