Waya Hutundikwa Kiangazi

Usiku ule nililala na hasira, tena sikula. Jioni Rehema alikuwa amekuja kwangu na lile lile lake: "Baba mdogo, kibali nimepata. Nataka kurudisha redio ya baba. Nianze kununua nini?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia redio ya upepo, ile ya kuitana na watu wa mbali, ndiyo iliyomzika baba yake, aende akanunue cherehani kama wenzake. Akasema, "Basi nitapanda kilimani mwenyewe," akaondoka.

Si redio iliyomuua Zakaria, jirani yangu niliyemhesabu kaka. Najua. Waliomuua ni watu, na majina ninayo: mtendaji wetu Kaniki, aliyetangaza kwamba waya wa redio alioutundika Zakaria kilimani unaita radi, na Shekiondo, aliyeukata kwa panga akaenda kufungia mbuzi wake. Mvua kubwa ilipokuja, simu zikakosa mtandao, tukawa hatuna namna ya kuwaambia watu wa mjini kwamba mlima unapasuka. Zakaria akapanda na waya mpya kwenye tope, mimi chini nimeshika ncha. Mlima ukashuka. Mimi walinifukua mguu umevunjika. Yeye walimfukua amekwisha kufa. Kaniki alihamishwa tu. Shekiondo yupo, ananisalimia njiani, nami siitiki.

Basi nimelala. Nikasikia mtu anakohoa mlangoni, kikohozi cha Zakaria kile kile. Akaingia bila kubisha hodi, suruali ameikunja mpaka magotini. Niliitazama miguu yake kwanza. Ilikuwa mikavu, haina tope hata kidogo.

"Unakoroma kama jenereta bovu," akasema. "Nimekusikia toka huko."

Nilitaka kulia, nikacheka. Akakaa kitandani kwangu, na kitanda hakikubonyea. Mara tupo kwenye chumba cha redio cha hospitali ya misheni, alikofanya kazi ujanani, kinanukia sabuni, na mimi miguu yangu yote ni mizima. Redio iko mezani. Nanyoosha kidole nibonyeze niongee. Ananishika mkono. Mkono wake una joto.

"Waya haujachomekwa. Ukibonyeza hivyo unaiunguza. Na mwanangu atabonyeza, namjua, ana haraka ya mama yake. Mwambie."

"Nimwambie mimi?"

"Kwani kuna mwingine anayenisikia?"

Nikamuuliza mwanawe anunue redio ipi, maana mjini wanamwonyesha kubwa zenye taa nyingi. Anatikisa kichwa. Anasema aanze na waya mzuri, na mahali pa juu pa kuutundika. Redio ndogo ya mtumba yenye waya ulio juu inafika mbali kuliko kubwa ambayo waya wake umelala kwenye bati. Zile za kushika mkononi, milima yetu inazimeza. Betri iwe ya redio peke yake. Akiruhusu simu moja ichajiwe, zitakuja za kijiji kizima, na siku ya shida betri imekufa. Na radi ikianza kunguruma, hata kwa mbali, awe ameshauchomoa waya, ncha yake iko nje ya nyumba.

"Kaniki hakukosea kuogopa," anasema taratibu. "Alikosea kutoniuliza."

"Usimtetee mbele yangu."

"Simtetei. Naongelea waya."

Sijui tulifikaje kilimani. Jua kali, nyasi kavu zinalia chini ya miguu. Zakaria anakata utepe wa mpira wa baiskeli, anauzungushia pale waya unapoungana, anavuta, anazungusha tena, maji yasipate pa kuingia. Ndivyo alivyokuwa akimfunga Rehema kidonda alipokuwa mdogo, taratibu, huku anapuliza. Kisha anafunga kamba kwenye ncha ya waya, anaipitisha juu ya tawi, upande wa pili anafunga jiwe, analiacha linaning'inia.

"Usikaze," ananiambia. "Mti unacheza na upepo. Ukikaza, waya utakatika. Liache jiwe lipande lishuke."

Nikashika ncha ya chini, kama siku ile. Nausikia mlima. Nikapiga kelele, "Zaka, shuka!"

Mlima haukuja. Yeye ameketi juu kwenye nyasi, ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wake.

"Siku ile tulitundika kwenye mvua kwa sababu ule wa zamani ulikatwa," akasema. "Waya hutundikwa kiangazi, jirani. Na mvua ziko karibu. Ukizidi kumkatalia, atapanda peke yake, kwenye tope."

Nikaamka. Mkono wangu umeshika kamba ya chandarua, na kamba imelegea kidogo, kama alivyotaka. Nje kumepambazuka, hakuna wingu.

Nikachukua mkongojo. Shekiondo alinisalimia njiani, sikuitika. Hilo Zakaria hakuniagiza.

Rehema alikuwa anafagia uwanja. "Shikamoo, baba mdogo," akasema, hanitazami.

"Marahaba. Baba yako anasema redio isubiri. Nunua waya kwanza, na utafute mpira wa baiskeli. Tunatundika wiki hii, kabla ya mvua."

Ufagio ukasimama. Akautazama mguu wangu, kisha akatazama kilima.

"Na ncha ya chini atashika nani?"

"Mimi," nikasema. "Ile ni yangu."