Nilivyofuata Mto Ebro kwa Baiskeli, Mama Akiwa Mahongole

Kilichonitoa nyumbani ni spoku nne zilizokatika. Marta, Mhispania aliyekuwa akizunguka Afrika kwa baiskeli, aliingia kibandani kwangu hapa Makambako akikokota gurudumu la nyuma limepinda vibaya. Mimi ni fundi baiskeli, miaka kumi na saba kazini, na sikuwahi kuvuka mpaka wowote. Nilimtengenezea, kesho yake nikamsindikiza hadi Njombe, vilima juu, vilima chini. Tulipofika mtaa wa Ramadhani, mle mle Njombe, tukaagiza chai, naye akasema kwao kuna shule inayofundisha wageni Kihispania. "Njoo miezi mitatu," akaniambia, "utakaa kwa mama yangu." Nilicheka sana. Mwaka uliofuata nilikuwa na pasipoti mkononi.

Jambo moja tu lilinishika mguu: kifua cha mama. Asubuhi ya kuondoka, nyumbani Mahongole, nilimshika mkono mdogo wangu Ezekia mbele ya mama mwenyewe.

"Mama akizidiwa, nipigie. Nitaacha kila kitu nirudi."

"Nimekuelewa, kaka."

"Hebu nenda bwana, usinitie nuksi," mama akasema. "Mimi nife kwa kikohozi?" Akanivalisha sweta juu ya sweta, utadhani Ulaya hawauzi masweta.

Mwezi wa kwanza niliumaliza nikipigana na upepo. Mji wa akina Marta ni mdogo, karibu na Zaragoza, na shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli ya zamani ya Marta. Kule wanapita kulia. Mara mbili nusura nivaane na gari la mkate. Kufika darasani jasho linanitoka na vidole vimekufa ganzi, halafu mwalimu anataka niseme jana nilifanya nini. Jamani! Hata kusema ya leo nilikuwa siwezi.

Aliyenifundisha hasa ni Pilar, mama yake Marta, mjane mwenye sauti ya kamanda. Nilikuwa namenya viazi jikoni kwake, yeye ananisahihisha. Kwetu mtu ukimuuliza habari za nyumbani anajibu nzuri, hata kama paa limeezuliwa, ndipo polepole ukweli unaanza kutoka. Kwa Kihispania sikuwa na maneno ya kuzungukia. Nikiwa na njaa nasema njaa. Pilar alipenda hivyo.

Mwezi wangu wa tatu kule, Jumapili, nilipiga simu nyumbani kama kawaida. Kesho yake mimi na Marta tulikuwa tuanze kuufuata mto Ebro hadi baharini, safari ya siku nne, na baiskeli zilikuwa tayari zimefungwa mizigo.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza Ezekia.

"Ameenda Iwawa kwa shangazi. Kupumzika."

"Iwawa?"

"Ee, kaka. Mtandao unasumbua kule."

Nikasema haya, msalimie. Pilar alikuwa pale pale anakata vitunguu.

"Mama hajambo?"

"Yuko Iwawa."

"Kuna joto huko?"

"Hapana. Hakuna pa baridi kama pale. Asubuhi umande unaganda majanini."

Akaweka kisu chini. "Mgonjwa wa kifua mnampeleka kwenye baridi hiyo?"

Nilijua. Sitaki kumdanganya mtu, hapo hapo nilijua kuna jambo nafichwa. Lakini nilizitazama baiskeli pale uani, nikamwambia Pilar hajui mambo ya kwetu. Sentensi hiyo niliitoa kwa Kihispania safi, bila kosa hata moja.

Jumatatu tuliondoka. Mashamba ya pichi, vijiji vya mawe, wazee mabarazani wakinipigia kelele nami nikiwajibu kwa lugha yao mpaka wanacheka. Alhamisi mto ulitanuka kwenye mashamba ya mpunga, kisha bahari. Nilipiga kelele za furaha kama mwehu. Raha ile naikumbuka yote, na inanichoma.

Wiki mbili baadaye basi lilinishusha stendi ya Makambako. Walikuja wanne kunipokea: Ezekia, mjomba, na shangazi zangu wawili. Watu wanne hawaji kumpokea fundi baiskeli.

"Kamwene," mjomba akanisalimu, macho chini.

"Mama yuko wapi?"

Shangazi wa Iwawa mwenyewe ndiye aliyeangua kilio.

Mahongole walinipeleka moja kwa moja kaburini. Maua yalikuwa yamekauka.

"Mtu aliye ugenini hapewi msiba kwenye simu," mjomba akasema. "Ungeanguka huko, nani angekuokota? Tulikulinda."

"Mlinilinda na nini, mjomba? Na mama yangu?"

Na mimi nina mdomo gani? Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kuficha msiba, mtoto wa jirani akiwa Mbeya kwenye mtihani, nikaitikia kwa kichwa kwamba asiambiwe kuhusu baba yake. Nilijiona mtu mwenye busara.

Walipotuacha wawili, nikamuuliza Ezekia, "Jumapili ile, mama alikuwa ameshafariki?"

"Hapana. Alikuwa chumbani. Alifariki Alhamisi."

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Tulimwambia uko njiani." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Akakataa tufunge mlango. Na baridi yote ile, kaka, ulikaa wazi mpaka Alhamisi."

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga, kwa sababu swali alilouliza Pilar nilipaswa kuliuliza mimi, kwa lugha niliyonyonya.

Wateja kibandani wananiuliza Ulaya nimejifunza nini. Nawasalimia kwa Kihispania, wanafurahi, tunaendelea na kazi. Kutoka kwa Pilar hadi Mahongole ni siku mbili. Mimi nilikuwa nazo nne, Jumapili ile hadi Alhamisi, nikazimalizia kwenye baiskeli.